Wifi na Ngazi Sita za Kufikiri

Wifi yangu hunitia kinyaa, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Ni mke wa kaka yangu mkubwa, mwalimu wa sayansi wa darasa la tano, na kwa miaka kumi na mmoja meza yake na yangu zimetazamana katika chumba cha walimu, katikati birika la chai na rundo la madaftari. Mimi nafundisha hesabu darasa la nne. Nimemwona akila, akilia, akisinzia juu ya mitihani ya watoto wa watu. Nikianza kusimulia habari zake watu husema, ah, wivu huo, mawifi hawajapatana tangu dunia iumbwe. Waseme. Wivu naujua, nimeshawahi kuwa nao, na haukai kooni namna hii.

Alikuja kwetu bibi harusi na mwalimu mpya mwaka huohuo mmoja. Muhula wake wa kwanza aliingia darasani na ndoo ya maji, msumari na gogo la kuni, akavitosa vyote viwili ndani ya ndoo mbele ya watoto. Gogo likaelea, msumari ukazama. Akauliza kwa nini kizito kimebaki juu na chepesi kimekwenda chini, kisha akaketi, akanyamaza. Watoto walibishana siku tatu. Kila aliyemwomba jibu aliambiwa aende akabishane zaidi. Wazazi wakaja kumshtaki kwa Mkuu wa shule kwamba mwalimu mpya hajui somo lake, na baba mmoja, fundi seremala, alikuja na msumari wake mwenyewe mfukoni, si kushtaki bali kubishana, maana mwanawe alikuwa amemharibia usingizi. Mimi nilikuwa napita makusudi karibu na dirisha lao nisikie zile kelele. Nilijivunia kaka yangu kwa kuoa vizuri.

Kisha akaja Mkaguzi.

Kila mwalimu analijua andalio la somo. Ni ile karatasi unayoandika kabla ya kuingia darasani, yenye lengo juu, maswali katikati na saini ya Mkuu chini. Lengo huanza kwa maneno yaleyale siku zote, kwamba hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kufanya jambo fulani. Wifi alikuwa ameandika: hadi mwisho wa kipindi kila mwanafunzi aweze kugombana na mwenzake juu ya msumari bila kupigana. Mkaguzi alilowesha kidole gumba kwa ulimi, akafunua ukurasa, akalisoma lengo hilo kwa sauti mbele yetu sote. Akalowesha tena kidole, akatafuta kwenye orodha yake, akasema kugombana hakumo. Viko vitenzi vya ngazi sita, akatuambia: mtoto hukumbuka, huelewa, hutumia, huchambua, hutathmini, na mwisho hubuni, na lengo lisiloanza na mojawapo ya hivyo si lengo, ni porojo. Akaandika kwenye ripoti kuwa mwalimu hawezi kuandaa malengo. Kurasa alizozigusa zilibaki na doa la mate pembeni, na mimi ndiye niliyezikusanya.

Walimu walicheka. Nilicheka na mimi. Naliandika hili mapema nisije nikaonekana nimelificha. Wifi alikwenda stoo ya ramani, akakaa humo kipindi kizima, akatoka na uso mkavu. Kuanzia siku hiyo akawa mwanafunzi wa yule Mkaguzi bila kuandikishwa.

Zile ngazi zenyewe hazina kosa, tuseme ukweli. Aliyezipanga alitaka mwalimu asiishie kwenye taja, taja, taja. Alitaka siku moja mtoto aulizwe jambo ambalo jibu lake halimo ubaoni. Lakini mpe kitu chema mtu aliyeaibishwa, uone atakavyokitumia. Wifi alibandika vitenzi ukutani juu ya meza yake, akavisoma asubuhi na mchana, mpaka akagundua kwamba swali lolote laweza kuvishwa kitenzi kikubwa na kubaki lilelile. "Taja sehemu nne za ua" likawa "Tathmini sehemu nne za ua," na mwongozo wa kusahihisha una majibu yaleyale manne. "Orodhesha wanyama watano wanaonyonyesha" likawa "Buni orodha ya wanyama watano wanaonyonyesha." Kubuni gani huko, nawe umeshaandika majibu pembeni? Mtoto mmoja alibuni kweli, akaweka popo. Popo ananyonyesha, tena ni jibu tamu kuliko ng'ombe. Akapewa sifuri. Nilipomwuliza wifi, alinijibu bila kuinua uso kutoka kwenye daftari kwamba popo hayumo kwenye mwongozo.

Mkaguzi aliporudi alifurahi hadi akasahau kulamba kidole. Walimu wa shule jirani wakaanza kuja kunakili, wanaketi kwenye viti vyetu, wanakunywa chai yetu, wanaondoka na vitenzi. Hata nyumbani kwake wifi alibadilika. Kaka alinilalamikia kwa mzaha kwamba siku hizi akiomba maji anaambiwa aeleze kwanza sababu za kiu yake. Tulicheka. Siku zile ilikuwa bado jambo la kucheka, na watu wa kwetu hawaachi jambo la kucheka lipite bure.

Na mimi je? Maandalio yangu aliyavisha vitenzi wifi, na mimi nikamchorea chati zake na kumwandikia nakala safi, maana mwandiko wangu ni mzuri na najijua. Nyani haoni kundule, ndivyo wasemavyo. Mimi la kwangu nililiona vizuri, nikalikalia.

Mwaka huu binti yangu akaingia darasa la tano. Nyumbani tunamwita Kiroboto, kwa sababu tangu anatambaa hajatulia mahali pamoja, na hata akili yake hairuki mara moja ikaridhika. Ukimwosha nywele anauliza povu linakwenda wapi likikauka. Ukimwambia alale anauliza mtu hujuaje kwamba sasa amelala. Baba yake husema ukimtuma chumvi atarudi na swali, na chumvi utaifuata mwenyewe. Mitihani yake haiwi mizuri, kwa sababu akifika swali la nne hukutana na jambo la kufikiria, akakaa nalo, na kengele ikalia. Nilishukuru kwamba amefika mikononi mwa ndugu. Damu nzito kuliko maji, nikajiambia, mjinga mimi.

Katikati ya muhula ikatangazwa nafasi ya mratibu wa sayansi, mtu mmoja wa kusimamia walimu wa shule zote za wilaya. Atakayeitaka atafundisha somo moja mbele ya Mkaguzi na wakubwa zake wawili, na ndani ya dakika arobaini wasikie maswali ya ngazi zote sita pamoja na majibu yake. Wifi aliitaka. Aliitaka kwa njaa ya mtu aliyewahi kuchekwa. Akalijaribu somo hilo mara mbili na darasa lake, na mara zote mbili hakuvuka ngazi ya tatu, kwa kuwa mtoto akiulizwa swali la kufikiri hufikiri, na kufikiri kunakula muda.

Ndipo akapata wazo ambalo hata leo nikilikumbuka mate ya kinyaa hunijaa mdomoni. Akakatakata makasha ya karatasi ngumu, akatengeneza kadi hamsini na nne, kila kadi na kitenzi kimoja, akawabandika watoto kifuani kwa pini. Ngazi za maswali akazigeuza kuwa za watoto. Aliyevaa Kuchambua ataulizwa swali la kuchambua peke yake, na jibu lake amepewa wiki nzima kabla. Aliyevaa Kutathmini vivyo hivyo. Kubuni walikuwa watatu tu: mtoto wa Mkuu, na wasichana wawili wenye sauti nzuri. Kukumbuka walikuwa ishirini, wamejazwa kwenye madawati ya mbele, na mmoja wao alikuwa Kiroboto.

Alirudi nyumbani na matundu mawili ya pini kwenye shati la shule. Nikamwuliza kadi yake inasema nini, akaniambia bila huzuni yoyote, kama mtu anayetaja namba ya kiatu chake. Akaongeza kuwa walioko Kukumbuka hawaruhusiwi kuuliza, kwa sababu maswali ni ya ngazi za juu. Nilikuwa namenya viazi. Niliweka kisu chini kwa kuwa sikukiamini mkononi mwangu.

Mkuu naye aliufurahia utaratibu huo. Alitutangazia kwenye kikao kwamba wakubwa wakiukubali, ngazi ya kila mtoto itaandikwa kwenye faili lake, na faili litamfuata hadi shule ya juu, ili walimu wa huko wasipoteze muda kumpima upya. Kwa hiyo lililokuwa linaamuliwa halikuwa cheo cha wifi peke yake. Binti yangu alikuwa anakaribia kuandikwa, kwa wino wa shule na muhuri juu yake, kwamba kazi ya kichwa chake ni kukariri.

Jioni nikaenda kwa wifi. Kaka alikuwa mezani anakula. Akasema mambo ya shule yabaki shule, akaendelea kutafuna. Wifi alikuwa anakunja nguo. Alinieleza, kwa ile sauti yake tamu ya semina, kwamba kila mtoto anastahili kufanikiwa katika ngazi yake, kwamba Kiroboto si mjinga hata kidogo, na kwamba yeye anampenda kama wanawe wa kuzaa. Nikamwacha amalize.

"Ngazi ni za maswali, wifi," nikamwambia. "Tangu lini zikawa za watoto?"

Akalikunja shati la kaka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Siku ile Mkaguzi aliposoma andalio langu," akasema, "wewe ulicheka."

Kaka aliacha kutafuna. Miaka yote hiyo wifi alikuwa amelitunza neno lile, na hakulitoa kwa hasira. Alilitoa kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima. Wifi akalegea kidogo, labda kwa kuniona nimenyamaza, kitu ambacho mimi sikijui sana, akanionyesha njia. Kwenye somo lile mimi ndiye niliyechaguliwa, kwa ajili ya mwandiko wangu, kukaa nyuma na fomu ya kuhesabu, niliwekee kila swali alama kwenye safu ya ngazi yake. Akasema Kiroboto akionyesha ngazi ya juu siku hiyo, nimwandike huko, na fomu ikisema hivyo yeye mwenyewe ataibadilisha kadi.

Nilirudi nyumbani na tamaa mbaya. Nilitaka kumpikia mtoto swali kubwa, nimkaririshe, nimwambie alitoe wakati gani na kwa uso gani. Nikamtazama akifunga kamba za viatu, kimoja cha kushoto akikifunga mara mbili ili aone kama kitabana zaidi, nikaona haya. Ningekuwa nafanya kilekile ninachotaka kukitapika. Sikumwambia neno.

Siku ya somo darasa lilinuka sabuni na dawa ya viatu. Somo lilikuwa la kuota kwa mbegu. Maharage yalikuwa yamepandwa kwenye makopo siku nyingi kabla ili yawe yameota siku hiyo, na yale yaliyokataa kuota yalifichwa nyuma ya kabati, ingawa hayo ndiyo ambayo yangewafundisha watoto kuliko mengine yote. Wakubwa wawili waliketi kwenye viti vya chumba cha walimu. Mkaguzi alikaa ubavuni kwangu, karibu kupita kiasi, akinipulizia pumzi ya chai ya maziwa iliyolala.

Maswali yakaanza kupanda. Wa Kuchambua alichambua kwa pumzi moja, bila nukta. Wa Kutathmini alitathmini kabla swali halijaisha, akarudishwa nyuma aanze upya. Wa Kubuni wakasimama wote watatu, wakabuni jaribio moja kwa pamoja, neno kwa neno, kwa sauti zao nzuri. Huo ulikuwa ubunifu wa kwaya, na wakubwa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lakini niseme na hili: kalamu yangu ilikuwa inakwenda vizuri. Alama zilijipanga wima, na kila safu ilikuwa inajaa sawasawa na idadi iliyoandikwa kwenye andalio.

Ili kufunga somo, mwalimu hurudi ngazi ya chini. Wifi akamwita Kiroboto ataje mambo matatu yanayohitajika ili mbegu iote. Kiroboto alisimama. Aliyajua, alikuwa ameyaimba bafuni wiki nzima hadi baba yake akayajua naye. Lakini akayatazama makopo.

"Mwalimu," akasema, "nusu papai likikaa mezani, mbegu zake zina maji, zina joto, na hewa inazipata. Mbona hazioti humohumo?"

Mmoja wa wakubwa aliinua kichwa. Watoto wa nyuma waliinuka kidogo wamwone aliyesema. Mtoto wa Mkuu alifungua mdomo kana kwamba ana la kujibu, halafu akaitazama kadi yake, akaufunga. Na wifi, naapa, wifi alitabasamu. Niliuona uso wake wa zamani, wa mwaka ule alipokuja kwetu, uso wa mtu ambaye yuko karibu kuketi na kuacha darasa zima libishane. Nilimwombea moyoni. Kisha macho yake yakaenda kwenye saa ya ukutani. Zilibaki dakika tatu.

"Umeambiwa utaje," akasema. "Taja."

"Maji, hewa, joto," akataja Kiroboto, akakaa. Darasa likampigia makofi matatu kama lilivyozoezwa.

Sasa zamu ikawa yangu. Swali lile lilikuwa la kuchambua, na mwalimu yeyote aliyewahi kushika chaki angeliona. Mtoto alikuwa amechukua alichofundishwa, akakipima na papai la mezani, akakuta hakitoshi. Safu ya kuchambua ilikuwa pale chini ya kalamu yangu. Ila ilikuwa imeshafikia idadi yake, nane, kama andalio lilivyosema. Nikiongeza ya tisa, jumla ya chini haitakubaliana. Nitalazimika kukata, kuandika upya pembeni, na kueleza swali hilo ni la nani na kwa nini halikujibiwa. Mkaguzi akaiinamia fomu, akaninong'oneza kwamba huyo ana kadi ya Kukumbuka, kwa hiyo nimweke huko, ambako bado ilipungua alama moja. Wifi naye alikuwa ananitazama kutoka ubaoni. Hakunitisha wala hakunisihi, alikuwa ananingoja tu.

Nikaweka alama kwenye Kukumbuka.

Nimejitafutia visingizio vyote vilivyopo. Kwamba nilimwogopa Mkaguzi: uongo, mtu yule naweza kumwambia asogeze pua yake huko. Kwamba nilikuwa namlipa wifi kile kicheko changu cha zamani: ningependa iwe hivyo, ingekuwa na heshima kidogo. Ukweli ni kwamba fomu ilikuwa safi, hesabu zilikuwa zinakubaliana, na sikutaka kuichafua. Basi. Miaka kumi na mmoja nimekaa mbele ya wifi nikimwona anatia kinyaa kwa kuipigia karatasi magoti, lakini yeye angalau alikuwa anatafuta cheo. Mimi nilimtoa mwanangu kwa ajili ya unadhifu.

Wifi alipata kazi aliyoitaka. Wakubwa waliusifu utaratibu wa kadi, wakaagiza shule nyingine ziuige, na Mkuu hakutaka kungoja hata kesho. Mafaili ya darasa la tano yaliletwa mezani kwangu mchana uleule, kwa ajili ya mwandiko, nikaandika ngazi za watoto hamsini na nne mmoja baada ya mwingine. La Kiroboto lilikuwa la ishirini na sita. Wifi alipita nyuma yangu nilipolifikia, akaniwekea mkono begani, akauacha hapo. Ulikuwa na joto. Sikuutoa, wala sikugeuka.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na binti yangu. Alikuwa amebeba kopo la maharage alilopewa na mwenzake, moja la yale ambayo hayakuota, akilichungulia kila baada ya hatua chache. Mtaa ulikuwa na watu wengi wa saa ile, nami nilimshika mkono ingawa hapendi.

"Mama," akasema, "lile swali langu uliliandika?"

Nikamwambia nililiandika.

"Uliliweka wapi?"

Ningeweza kumdanganya, ni mtoto, asingeiona ile fomu maisha yake yote. Lakini nilikuwa nimechoka na nilijichukia, na mtu aliyejichukia huwa hana nguvu hata ya uongo mdogo.

"Kwenye kukumbuka," nikasema.

Akasimama katikati ya njia, watu wakatupita pande zote mbili. Hakukasirika. Alinitazama kwa upole, kama anavyomtazama mwenzake aliyekosea hesabu rahisi, akitaka kumsaidia kabla mwalimu hajafika.

"Lakini sikulikumbuka, mama," akasema. "Nililifikiria mwenyewe."